SHELA LA KUKODI NA MLANGO WA KANISA



Kwaresima inapokwisha, ofisi za parokia hujaa watu. Wachumba waliosubiri siku arobaini huja kutafuta Jumamosi yao, na Jumamosi ni chache. Sisi tulio nyuma ya meza tunayo maswali yetu ya kawaida: cheti cha ubatizo kiko wapi, kipaimara kimepokewa, jumuiya imetoa barua, mafundisho ya ndoa yamekamilika? Lakini liko swali moja lisiloandikwa katika fomu yoyote ya Kanisa, nalo ndilo linalopanga tarehe kuliko yote yaliyoandikwa. Mama wa binti, shangazi na mwenyekiti wa kamati huulizana kwa sauti ya chini pale barazani: je, shela limepatikana?

Tunasema shela, maana neno hilo hapa kwetu limekwisha kupanuka. Lilikuwa kitambaa cha kufunika kichwa na uso. Siku hizi ni vazi zima jeupe la bibi arusi, pamoja na mkia wake unaoburuzwa sakafuni.

Mintarafu vazi hilo tuna jambo moja la kusema. Shela limekuwa ushuru unaotozwa mlangoni pa sakramenti, na maskini asiyeweza kuulipa hubaki nje. Tena tunasema, na hili ndilo litakalowaudhi baadhi yetu, kwamba waliosimika kizuizi hicho si mabinti wanaolivaa.

Mahubiri juu ya jambo hili tumeyasikia mengi, na mengine tumeyatoa sisi wenyewe. Mhubiri hupanda mimbarini akawasema mabinti kwamba wanapenda makuu, kwamba wanaiga waliyoyaona katika simu, kwamba bibi zao waliolewa kwa doti ya kanga na ndoa zao zikadumu. Akina baba hucheka, akina mama huinamisha vichwa. Halafu Jumamosi inayofuata mhubiri yuleyule hutoka nje hadi ngazini kumlaki bibi arusi aliyeshuka katika gari lililopambwa, na yule aliyekuja kwa miguu humfungisha ndoa huku akitazama saa. Mabinti wana macho. Wanajifunza kwa yale tunayoyatenda.

Safari ya Kariakoo

Yafaa wanaume, na hasa sisi mapadre, tujue safari ya kutafuta shela ilivyo, kwa kuwa hatujawahi kuifanya. Tumewasikiliza mabinti na mama zao katika vikao vya Tume hii, nasi tunaeleza kama tulivyoelezwa.

Kwa watu wa mkoa wetu wa Morogoro ni safari ya Dar es Salaam, kwa basi au, tangu mwaka 2024, kwa treni ya umeme. Mashela yapo pia mjini kwetu, lakini husemwa kwamba ya hapa yamekwisha kuonwa na watu wote. Binti haendi peke yake. Huenda na mama, na shangazi, na rafiki mmoja anayeijua mitaa, na mwanamke mmoja wa upande wa mwanamume aliyetumwa kulinda fedha. Nauli na chakula chao wote hutoka katika mfuko uleule. Maana kwa desturi ya sasa upande wa mwanamume ndio unaomvalisha bibi arusi siku ya kanisani, na upande wa wazazi wake humvalisha siku ya kumuaga. Hapo tayari magauni ni mawili. Ukiongeza vazi la kicheni pati na lile la kubadilisha ukumbini, yamekuwa manne, na ndoa ni moja.

Katika duka la kwanza ni furaha, wala tusiifiche. Binti aliyezoea sare ya kazi na kanga ya nyumbani anasimamishwa mbele ya kioo kirefu, anafungwa kamba mgongoni, anageuzwa huku na huku, na mama yake anatoka nje kufuta machozi. Anayeidharau dakika hiyo hajui moyo wa binadamu. Manabii hawakuona haya kuufananisha mji wa Mungu na bibi arusi aliyejipamba. Uzuri si dhambi, na binti maskini anayo haki ya kuutamani sawasawa na binti wa tajiri.

Kisha hutajwa bei, na hapo binti hutambua kwamba bei ya shela si bei moja. Iko bei ya lile ambalo halijavaliwa na mtu, ambalo yeye ndiye atakayelizindua. Iko bei ya lile lililokwisha kuvaliwa, nayo hushuka kadiri linavyochakaa. Sketi ya ndani yenye ringi, inayolifanya gauni lisimame, ina bei yake. Taji lina bei yake, na glovu, na kitambaa cha kichwani, na maua ya mkononi. Hata mabega yana bei yake! Magauni mengi yanayoletwa hayana mikono, na mwenye duka, ajuaye vyema kwamba Kanisani mabega yatatakiwa yafunikwe, hukodisha kikoti cha kufunikia kwa malipo ya ziada. Juu ya yote hayo huwekwa dhamana, yaani fedha zitakazorudishwa iwapo vazi litarejea bila doa na bila kuchelewa. Sasa, arusi za kwetu huisha usiku wa manane, uwanja wa kanisa la kigango ni wa vumbi jekundu, na duka liko umbali wa karibu kilomita 200. Ni shela gani litakalorudi bila doa? Dhamana hiyo ni sehemu ya bei tangu mwanzo, ila imepewa jina jingine.

Yote haya mara nyingi hufanyika bila stakabadhi. Hutolewa kikaratasi chenye jina la kwanza la binti, kiasi alicholipa na namba ya simu, basi. Sheria ya nchi inamtaka mfanyabiashara atoe risiti, na mashine za risiti za kielektroniki zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya hila za kibiashara. Lakini binti ambaye arusi yake iko wiki mbili mbele hadai haki, anaomba. Mwenye duka analijua hilo. Matangazo yamekwisha kusomwa, kadi zimekwisha kugawanywa, ukumbi umelipiwa, na mnunuzi hawezi tena kugeuka na kwenda zake. Biashara inayomkuta mtu mahali kama hapo ina kishawishi kikubwa cha kumnyonya, na si wote wanaokishinda.

Hatusemi kwamba wenye maduka hayo wote ni wadhalimu. Wako waliomrudishia binti fedha zake baada ya uchumba kuvunjika, na hawakuwa wamelazimishwa na mtu. Nao wanalipa pango mwezi mzima kwa vazi linaloingiza fedha Jumamosi tu, na Kwaresima haliingizi kitu.

Kisa cha kigango kimoja

Kisa kifuatacho tumepewa ruhusa na mhusika kukieleza, bila majina.

Mwanamume na mwanamke wa kigango chetu kimoja walikaa pamoja miaka tisa, wakajaliwa watoto watatu. Yeye alilima mpunga. Mwanamke aliuza maandazi, na baadaye mchele. Jumuiya yao iliwashauri kwa upole na kwa muda mrefu, hata wakakubali kufunga ndoa. Wakahudhuria mafundisho, na matangazo yakasomwa Dominika tatu. Kilichobaki kilikuwa arusi, na katika arusi, shela. Tuliwaambia, na ni haki tuseme kwamba tuliwaambia, kuwa shela si sharti. Tuliwaambia mara moja, tukiwa tumesimama mlangoni, tukitafuta ufunguo wa pikipiki. Shangazi za mwanamume waliwaambia kinyume chake kila siku kwa miezi mitatu: kwamba mwanamke aliyekaa na mtu miaka tisa bila ndoa hana budi kuifuta aibu hiyo kwa shela, la sivyo watu watasema ameokotwa.

Wakauza magunia matano ya mpunga mwezi wa Julai, wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa. Mwanamke akaenda Dar es Salaam, akachagua, akalipa shilingi 300,000 za awali kati ya 450,000. Alhamisi kabla ya arusi alikwenda kulichukua. Shela lilikuwa limetolewa kwa mwingine, aliyelihitaji Jumamosi ileile na aliyelipa zaidi. Akapewa jingine, ambalo halikufunga mgongoni. Alipolikataa, akaambiwa kwamba fedha za awali hazirudishwi. Katika kikaratasi chake hapakuwa na neno hata moja la masharti. Alirudi usiku ule mikono mitupu, na asubuhi ya Ijumaa akamtuma katekista atuambie kwamba arusi imeahirishwa mpaka mavuno mengine.

Tungeweza kupanda pikipiki asubuhi ile. Tungeweza kumwambia: Mama, njoo kesho na gauni lako la Dominika, mashahidi wawili wanatosha, sisi tutakungoja. Hatukufanya hivyo. Tulikuwa na arusi nyingine tatu siku ile, na nafasi iliyoachwa wazi ilitupa nafuu.

Mwezi wa Februari mwanamume alifariki dunia katika ajali ya pikipiki. Kabla ya siku arobaini kutimia nduguze walifika kupima shamba. Walimwambia mjane, ambaye hawakutaka kumwita mjane, alete cheti cha ndoa. Shangazi walewale waliosema kwamba haiwezekani kuolewa bila shela ndio waliosimama uani na kusema kwamba hakuolewa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inawadhania kuwa mume na mke wale waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana hivyo machoni pa watu, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Wasaidizi wa kisheria wa Tume hii wanamsindikiza mama huyo mahakamani, na shauri linaendelea. Walakini dhana hiyo yaweza kupingwa, na kuitetea kunahitaji mashahidi, nauli, na siku nyingi za kukaa juu ya benchi nje ya chumba cha hakimu huku biashara ya mchele imelala. Cheti kingehitaji Misa moja na sahihi chache. Tunawasihi wenyeviti wa jumuiya: mnapoambiwa kwamba fulani na fulani "bado wanajipanga", msitikise kichwa na kupita. Ulizeni wanajipanga kwa kitu gani. Mara nyingi jibu ni kitambaa.

Weupe huo umetoka wapi?

Wengine hulitetea shela wakisema kwamba gauni jeupe ndilo vazi la ndoa ya Kikristo, tena kwamba ni alama ya ubikira. Kwa hoja hiyohiyo mama wa watoto watatu huambiwa na watu wa kushoto kwamba hastahili kulivaa, na watu wa kulia kwamba hawezi kuolewa bila kulivaa. Tumeyasikia yote mawili katika kikao kimoja.

Tuangalie historia. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, bibi arusi wa kawaida alivaa gauni lililo bora kuliko mengine yake, la rangi yoyote, na baada ya arusi aliendelea kulivaa siku za sikukuu. Tarehe 10 Februari 1840 malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert akiwa na gauni jeupe la hariri iliyofumwa Spitalfields, London, lenye lesi ya Honiton, kazi ya mikono ya wanawake wa Devon. Picha zake zikaenea, wenye mali wakaiga, na wasio na mali wakafuata pole pole. Kwa hiyo desturi tunayoitetea kana kwamba imetoka Kana ya Galilaya haijatimiza hata miaka mia mbili tangu ienee, na aliyeieneza hakuwa Mkatoliki. Alikuwa mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uingereza. Tunalitaja hili kwa wale wanaotuambia kwamba arusi ya kitenge ni ya Kiprotestanti.

Liko jambo moja katika arusi ile linalostahili kuigwa, nalo haliigwi. Malkia alichagua lesi ya nchini mwake kwa makusudi, ili kuwapatia kazi mafundi ambao riziki yao ilikuwa ikimezwa na lesi ya mashine. Sisi tumeiga rangi tukaiacha haki. Mashela mengi yanayoning'inia madukani yametoka China, ambako mji wa Suzhou unajulikana kwa biashara hiyo. Ni ya poliesta, nasi hatujawahi kujiuliza mshonaji wa kule analipwa nini. Na fundi wetu wa cherehani, aliyeshona sare za kwaya na kanzu za watumishi wa altare, anaachiwa kazi ya kukunja pindo. Kwa kweli hata hiyo hunyang'anywa: maduka mengine hayaruhusu pindo liguswe.

Vazi jeupe la Kikristo lipo, lakini tulikwisha kulivaa. Ni lile la ubatizo, nalo tulipewa bure, maskini na tajiri, pembeni mwa kisima kimoja. Katika Ufunuo wa Yohane, sura ya 19, bibi arusi wa Mwanakondoo amevikwa kitani safi, na mwandishi hakutuacha tukisie. Anaeleza palepale kwamba kitani hiyo ni matendo ya haki ya watakatifu. Basi sisi tunaokaa katika kamati tukipanga mwanamke avikwe kitani kwa mpunga wa watoto wake, tunamvika kitu gani?

Kanisa lenyewe halikuweka sharti hilo popote. Kadiri ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili hao (kanuni ya 1057), ikitolewa mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka na mbele ya mashahidi wawili (kanuni ya 1108). Hakuna kanuni inayotaja shela, wala keki, wala gari. Iko kanuni ya 848, inayomkataza mhudumu kudai zaidi ya sadaka iliyowekwa na kumwagiza aangalie daima wahitaji wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Mtu anaweza kutujibu kwamba ushuru wa shela hatuutozi sisi. Ni kweli, hauingii mfukoni mwetu. Lakini mlango ni wetu, nasi tunamwona anayerudishwa.

Naye hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aya ya 212, aliliona jambo hili kama vile aliwahi kuketi katika kamati zetu. Anasema kwamba maandalizi ya mavazi na karamu humaliza fedha, nguvu na furaha, hata wachumba wakafika siku ya ndoa wamechoka. Na kwamba wako wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa kabisa kwa sababu ya gharama za sherehe. Waraka huo ulipotoka tuliununua, tukaufundisha katika semina, tukala chakula cha mchana, tukarudi nyumbani kuchangia arusi.

Makosa yaliyo yetu

Twaweza kuwalaumu shangazi mpaka jioni. Hebu tuangalie na upande wa altare.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusyo juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, namba 32, uliagiza kwamba katika liturujia asitukuzwe mtu binafsi wala tabaka la watu, iwe kwa ibada zenyewe au kwa fahari ya nje. Mtume Yakobo alikwisha kusema hayo alipowakemea walioketisha mahali pazuri mwenye pete ya dhahabu na kumwambia maskini asimame kule. Na sisi? Katika makanisa yetu ya mjini, arusi mbili zikifuatana Jumamosi moja, mpambaji aliyelipwa na arusi ya kwanza huingia mara tu baada ya baraka, akakunja zulia jekundu, akafungua riboni katika mabenchi, akabeba maua, na arusi ya pili huingia katika kanisa tupu, huku wageni wake wakimwona akitoka na mapambo. Bibi arusi wa pili hutembea juu ya saruji. Hatukuwahi kulikataza jambo hili. Twasema sasa: kitakachowekwa ndani ya nyumba ya Mungu kikae mpaka arusi ya mwisho ya siku hiyo, au kisiwekwe kabisa. Mwenye mapambo asiyetaka kushirikisha na apambe ukumbi wake.

Kosa lingine ni zito zaidi, na tunalikiri kama lilivyotokea. Mwaka mmoja tulimsimamisha bibi arusi kwenye ngazi za kanisa kwa kuwa mabega yake yalikuwa wazi. Watu wote waliona. Akavuliwa mtandio shangazi mmoja, wa rangi ya machungwa, akafunikwa nao bibi arusi, na akaingia hivyo, akilia, kwenda kutoa ridhaa yake. Tulidhani tumeilinda heshima ya mahali patakatifu. Sheria ya mabega ilikuwapo, nasi bado tunaona kwamba ni nzuri. Lakini yeye hakuwa ameambiwa, na gauni alilipia miezi miwili kabla. Sheria inayotangazwa mlangoni ni mtego. Tokea sasa masharti ya mavazi, kama yapo, yaelezwe siku ile ile majina yanapoandikwa kwa ajili ya matangazo, kabla fedha haijatoka mfukoni, na yaelezwe na mama mmoja wa halmashauri badala ya padre anayetazama pembeni. Siku hiyohiyo wachumba waambiwe, wakiwa wameketi, kwamba shela si sharti, na waambiwe tena baada ya mwezi. Anayekwenda kukodi asitoe advansi bila karatasi yenye tarehe, maelezo ya vazi lenyewe, na neno la wazi kuhusu fedha itakuwaje vazi lisipopatikana. Tume ina mfano wa karatasi hiyo. Ni ukurasa mmoja, na mwenye duka aliye mwaminifu hatakuwa na sababu ya kukataa kuutia sahihi.

Tunajua jibu litakalokuja. Akina mama wawili watatu wamekwisha kutupa: "Padre, mnataka watoto wetu waolewe kama wakimbizi?" Tunalichukua swali hilo kwa uzito, kwa kuwa wanaouliza hivyo waliolewa wenyewe katika miaka ambayo kitambaa kilipangiwa foleni, miaka ya mwanzo wa themanini, na waliapa kwamba binti zao hawataonja uhaba ule. Hatutaki mtu aolewe kama mkimbizi. Anayeweza kununua shela bila kuuza chakula cha watoto na bila kukopa, na anunue, avae, apendeze, nasi tutafurahi naye. Tunachokataa ni kumwambia asiyeweza kwamba bila hilo hajawa mke.

Wala haitoshi kukataa tu. Katika kigango kingine cha parokia yetu WAWATA walichangishana mwaka 2017, wakanunua satini nyeupe, na fundi wa hapohapo akashona gauni lenye mikono mirefu, kiuno cha kukazwa kwa kamba, na akiba ya kitambaa katika kila mshono ili liweze kupanuliwa. Halina dhamana wala kodi. Anayelivaa hulifua na kulirudisha, na akiweza huleta uzi au vifungo. Limekwisha kuwafikisha altareni mabibi arusi kumi na wanne, mmoja wao akiwa na mjukuu mgongoni mwa shahidi wake. Karibu na pindo lina doa la juisi ya ukwaju ambalo sabuni imeshindwa, na fundi amelifunika kwa ua la lesi. Kila mtu kigangoni anajua ni la arusi ya nani, na mwenyewe hucheka akiulizwa. Walipoanza, mama mmoja wa mjini aliwaambia kwamba hakuna binti atakayekubali kuvaa nguo ya wote. Mwaka uliofuata binti yake alipeleka kipimo.

Gauni hilo limehifadhiwa katika sanduku la bati nyumbani kwa mwenyekiti wa WAWATA wa kigango hicho. Jumamosi mbili za kwanza baada ya Oktava ya Pasaka limekwisha kuombwa. Anayelihitaji mwezi wa Juni apeleke jina kwa katekista kabla ya Dominika ya Matawi, pamoja na kipimo cha kiuno na cha urefu, kwa kuwa fundi anataka wiki tatu.